Ramu nyeupe kali kwenye kokteli: kinywaji kikienda kombo, anzia hapa

Chupa inayozungumzwa hapa ni ramu nyeupe ya Jamaika yenye neno Overproof kwenye lebo: Wray & Nephew, Rum-Bar ya Worthy Park, au Rum Fire ya Hampden. Zote tatu zina alkoholi asilimia 63. Malalamiko yake yanajirudia mwaka hadi mwaka: inaunguza koo, inanuka kama rangi ya kucha, imekata maziwa, imewalaza wageni kabla chakula hakijaiva.

Mengi ya malalamiko hayo yana mzizi mmoja, nao ni maji. Ramu ya kawaida ya asilimia 40 huja na maji yake ndani ya chupa. Hii maji hayo imeyaacha kiwandani, na anayechanganya ndiye anayetakiwa kuyarudisha. Asipoyarudisha, ndimu inazidi, sukari inazidi, na kilevi kinazidi, vyote kwa mpigo.

Kabla ya kutafuta kosa, shika vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo chenye alama za ml. Kama huna cha baa, bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa, jipya na bila sindano yake, linapima vizuri kuliko macho. Cha pili ni hesabu moja: zidisha ml kwa asilimia, kisha gawa kwa 100. Toti ya ml 30 ya ramu hii ina ml 18.9 za alkoholi tupu. Toti kama hiyo ya Konyagi ya asilimia 35 ina ml 10.5. Aliyezoea kumimina Konyagi kwa mkono basi, kila akiinamisha chupa hii amemimina karibu toti mbili.

"Kinachoma koo, hata nikiongeza sukari"

Hili ndilo lalamiko namba moja. Sababu zake ni hizi, kuanzia inayotokea zaidi.

Umebadilisha ml kwa ml. Maelezo yalisema ramu ml 60, ukaweka ml 60 za hii. Yaliyokusudiwa ni ml 24 za alkoholi tupu, wewe umeweka karibu 38. Dawa: chukua kiasi cha kwenye maelezo, zidisha kwa 40, gawa kwa 63. Kwa ml 60 unapata ml 38.

Umepunguza ramu, lakini hukurudisha maji. Hapa ndipo hata wachanganyaji wazoefu hunasa. Umeweka ml 38 badala ya 60, sawa, kilevi sasa kiko sahihi. Lakini glasi imepungukiwa ml 22 za kimiminika, na ndimu ni ileile ml 25, shira ni ileile ml 20. Onja: kinakukunja uso kwa ukali wa ndimu, na wakati huohuo utamu unanata mdomoni. Hiyo ndiyo alama ya kutambulia. Kinywaji kilichozidi ndimu peke yake kinataka sukari; kilichozidi ndimu na sukari pamoja kinataka maji. Ukikimbilia sukari hapo unazidi kupotea. Ongeza maji baridi ml 10, koroga, onja; kama bado, ml 10 nyingine. Mara nyingi hutavuka 20.

Jaribu hili mara moja uone kwa macho yako. Weka ml 30 za ramu kwenye glasi safi, isogeze dirishani, kisha mimina maji ml 15 taratibu kando ya glasi. Utaona mistari inayozungukazunguka kama samli iliyoyeyuka, vipovu vidogo vitapanda, na ukiishika glasi chini utahisi imepata uvuguvugu kidogo. Si mazingaombwe: alkoholi na maji vikiungana hutoa joto. Ndiyo maana maji yawekwe kabla ya barafu, ili joto hilo lipotee mapema na kinywaji kipoe sawasawa.

Barafu haikuyeyuka vya kutosha. Kutikisa kokteli kunafanya kazi mbili, kupoza na kuongeza maji. Mapande makubwa magumu yaliyotoka kwenye friza sasa hivi, ukiyatikisa sekunde sita tu, yanapoza kidogo na maji hayatoi. Tumia vipande vidogo na utikise sekunde 15, mpaka chombo kiote ukungu nje na vidole vianze kuuma. Wapo wanaohifadhi chupa kwenye friza ili kupunguza ukali. Kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri ramu hii haigandi, hilo ni kweli. Ila ramu iliyopoa hivyo haiyeyushi barafu sana, kwa hiyo inakunyima maji uliyoyahitaji. Ukiitoa friza, ongeza ml 10 za maji juu ya zile za kawaida.

Umesoma namba vibaya. Chupa za soko la Marekani huandikwa 126 kwa sababu kipimo chao cha prufu ni mara mbili ya asilimia. 151 kwao ni asilimia 75.5. Kipimo cha zamani cha Uingereza ni kingine: prufu 100 ilikuwa asilimia 57.15, na kila kilichopita hapo ndicho kikaitwa overproof. Hesabu zote za ukurasa huu ni za asilimia. Kama chupa yako si ya 63, weka namba yake mahali pa 63.

Maelezo hayakuwa ya ramu hii. Mfano unaowaponza wengi ni kokteli ya Mai Tai. Wamesikia kwamba Victor Bergeron, mwenye baa wa Oakland, Marekani, mwaka 1944, aliitengeneza kwa Wray & Nephew, basi wanamimina nyeupe. Ile ilikuwa ramu ya Jamaika iliyokaa kwenye pipa miaka 17, na haifanani na hii. Ukitaka Mai Tai, tumia ramu iliyozeeshwa, na ya nyeupe weka ml 10 tu kwa ajili ya harufu.

Kama umeyapitia yote na bado kinaunguza, kuna njia mbili za kumaliza ugomvi. Moja ni kuzimua chupa mapema: ramu ml 500 na maji karibu ml 300 vinakupa ramu ya takriban asilimia 40, unayoweza kuitumia kwenye maelezo yoyote bila hesabu. Usiimalize chupa nzima hivyo, na andika lebo upya ili asije mtu akapima kimakosa. Maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa na kuchujwa. Ya kisima cha pwani yenye chumvi huharibu ladha na huleta ukungu. Njia ya pili, ambayo ni bora, ni kuchanganya ramu mbili: ml 15 za kali na ml 40 za ramu nyeupe ya kawaida. Kilevi kinakaa palepale, na harufu ya Jamaika inabaki mbele, kwa sababu harufu hiyo haihitaji wingi.

Kwa anayetaka daiquiri yenye ramu kali peke yake: ramu ml 40, maji ml 15, ndimu iliyokamuliwa sasa hivi ml 25, shira ya sukari na maji sawa kwa sawa ml 20. Tikisa sekunde 15, chuja, kunywa ingali baridi. Ikikaa ikapata joto, ukali wake unarudi puani, na hapo tatizo si mapishi.

"Inanuka kama rangi ya kucha"

Kwa kawaida chupa haijaharibika. Jamaika huacha mchachuo wa molasi uende mbali, kwenye kiwanda cha Hampden ukiendeshwa na hamira ya porini kwa siku nyingi, na hapo huzaliwa esta, yaani kemikali za harufu. Esta moja hunuka ndizi mbivu, nyingine nanasi, nyingine ndiyo hiyo ya rangi ya kucha. Zikijikusanya kwenye glasi nyembamba unapata kitu kinachokaribia fenesi lililopitiliza kuiva. Watu wa Jamaika huifuata harufu hiyo makusudi. Kuilalamikia ni kama kulalamikia dagaa kwa kunuka dagaa.

Angalia kwanza kama ulinusa ramu yenyewe ikiwa na joto la chumba. Ongeza maji kidogo, subiri dakika mbili, nusa tena. Harufu ya rangi ya kucha hurudi nyuma, matunda yanajitokeza.

Ikiwa imeharibu kokteli, shida huwa ni wenzake. Kinywaji kilichotungwa kwa pombe isiyo na harufu, chenye tango au soda tupu, hakiwezi kuibeba. Iweke na vitu vyenye harufu zao: nanasi, embe, pasheni, balungi, tangawizi. Jamaika wenyewe wakati wa Krismasi huiweka kwenye kinywaji cha choya, ile rosela nyekundu, kilicholazwa na tangawizi. Kwa anayepata choya ya Dodoma sokoni, hii ni njia nzuri ya kuanza. Rum Fire ina esta nyingi kuliko hizo mbili nyingine, kwa hiyo anza na ml 10.

Sababu ya nadra ndiyo ya hatari: chupa bandia. Kizibo kimelegea, lebo ina herufi zilizokosewa, bei ni nusu ya duka jirani, au ramu imeletwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Usiionje. Methanoli huwezi kuitambua nyumbani kwa pua wala kwa ulimi, na lile jaribio la kuiwasha uone rangi ya moto halina maana, kwani alkoholi salama nayo huwaka bluu.

"Imeingia ukungu" na "maziwa yamekatika"

Ni mambo mawili tofauti, tusiyachanganye.

Ukungu mwepesi baada ya kuongeza maji au barafu huletwa na mafuta na esta nzito zilizokuwa zimeyeyuka kwenye alkoholi nyingi. Alkoholi ikishuka na baridi ikiingia, zinajitenga. Hauna madhara. Kama uliloweka maganda ya ndimu, ukungu utakuwa mzito zaidi kwa sababu ya mafuta ya ganda. Ukikukera, poza kinywaji usiku kucha kisha upitishe kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Ukiona vijichembe vyeupe vinavyotua chini, shuku maji magumu.

Maziwa kukatika ni jambo jingine. Anza na ndimu: kama kuna kitu chochote kichachu kwenye glasi, hata pasheni, maziwa yatakatika na ramu haina hatia. Kama hakuna, tazama mpangilio wako. Ukimimina maziwa juu ya ramu ya asilimia 63, matone ya kwanza yanakutana na alkoholi nyingi mno na protini inaganda papo hapo. Geuza: maziwa kwanza, ramu mwishoni, tena iliyozimuliwa, kwa mchirizi mwembamba huku unakoroga. Kwa ramu ya maziwa ya Jamaika nyumbani, changanya kopo moja la maziwa mazito matamu la gramu 390 na maziwa yaliyochemshwa yakapoa ml 300; pembeni changanya ramu ml 200 na maji ml 100; mimina cha pili ndani ya cha kwanza, kwaruza kungumanga juu. Weka kwenye friji, imalizwe ndani ya siku tano. Ikinuka chachu, mwaga.

Tui la nazi hukatika kwa sababu hizohizo, na kwa nyingine: baridi hugandisha mafuta yake. Tui zito lililotoka friji litaacha madonge meupe kwenye glasi hata ufanye nini. Litumie likiwa na joto la chumba na uliachie barafu kazi ya kupoza. Ikiwa limeshakatika, hakuna kurudi nyuma. Chuja kwa kitambaa safi na unywe kilichobaki kama kiko wazi na kitamu. Kuna ponchi ya zamani ambayo maziwa hukatwa makusudi ili yabebe ukali na yachujwe nayo, kwa hiyo hasara si lazima iwe yote.

Ute wa yai nao huiva ukiguswa na ramu hii moja kwa moja: utaona nyuzi nyeupe. Tikisa ute na ndimu, shira na maji bila barafu, kisha ramu, kisha barafu.

"Soda imezimika, haina tena gesi"

Kinywaji cha kila siku Jamaika ni ramu hii na Ting, soda ya balungi. Kinaharibika kwa mambo madogo. Soda ilikuwa vuguvugu; hii ndiyo sababu kuu. Ramu ilimiminwa juu ya soda, ikapasua mapovu, ukakoroga tena mara sita. Au barafu ilikuwa ya ungaunga, na kila pembe ya barafu inafukuza gesi.

Utaratibu: glasi ndefu, barafu ya mapande, ramu ml 30, robo ya ndimu ikamuliwe ndani, kisha soda baridi sana ml 150 ikipita ukutani mwa glasi. Ingiza kijiko mpaka chini, kiinue mara moja, basi. Pasipo na Ting, soda yoyote ya balungi inafaa. Ikiwa ni tamu mno, ongeza ndimu. Ukipenda madafu badala ya soda, Jamaika nao hunywa hivyo, na hapo gesi si tatizo.

"Ramu haikai juu, inazama"

Ramu ya asilimia 63 ni nyepesi kuliko maji, na juisi yenye sukari ni nzito kuliko maji, kwa hiyo kuelea ni kazi rahisi. Ikizama, uliimimina kutoka juu au kwa kasi. Igeuze nyuma ya kijiko kinachogusa barafu, ml 10 na si zaidi. Kosa kubwa zaidi ni kuifanikisha halafu kumpa mtu bila kumwambia: funda la kwanza linakuwa ramu tupu, anakohoa, anasema kinywaji kibaya. Weka mrija unaofika chini, au mwambie akoroge.

"Nililoweka viungo, imekuwa chungu"

Alkoholi ya asilimia 63 inavuta haraka na inavuta vingi kuliko ya 40. Muda ulioandikwa kwa ramu ya kawaida ukiutumia hapa, umezidisha. Pilipili mbichi moja iliyopasuliwa kwenye ml 250 ionjwe kila dakika kumi, na mara nyingi nusu saa imetosha. Maganda ya ndimu yamenywe bila nyama nyeupe, maana huko ndiko uchungu ulikojificha. Kama kisu chako kimechukua nyeupe, kwangua kabla ya kuloweka.

Falernum, shira yenye kilevi ya Barbados, ndiyo inayoharibika mara nyingi, na kiungo kinachoiharibu tunakijua vizuri Unguja na Pemba: karafuu. Dalili yake ni ganzi. Ulimi na midomo vinakufa kidogo kama umetoka kung'oa jino, kwa sababu mafuta ya karafuu ni hayohayo wanayotumia wa meno. Karafuu bora iliyokauka vizuri ina mafuta mengi. Ukihesabu punje kama ulivyosoma kwa karafuu ya dukani iliyokaa miaka, umepitiliza. Anza hivi: ramu ml 250, karafuu 20, maganda ya ndimu sita, tangawizi iliyoparwa gramu 40. Karafuu ziondolewe baada ya saa 12, vingine vibaki hadi saa 24. Chuja, ukikamua kitambaa taratibu, kisha ongeza shira ya sukari mbili kwa maji moja ml 400.

Ikiwa ganzi imeshaingia, sukari haitaiondoa. Tengeneza nusu nyingine bila karafuu uchanganye mbili hizo.

Loweka kwenye chupa ya glasi tu. Alkoholi kali hivi inavuta vitu vya plastiki, na utavionja. Ikimwagika kwenye meza ya mbao iliyopakwa vanishi, futa papo hapo, la sivyo itaacha doa jeupe.

"Wageni wamelewa kabla ya saa moja"

Kanuni ya ponchi ya Karibi ni kuukuu: chachu moja, tamu mbili, kali tatu, hafifu nne. Kwa ramu ya asilimia 40 inakupa kinywaji cha asilimia 12, sawa na mvinyo. Weka ramu ya 63 kwa kanuni ileile, imekuwa karibu asilimia 19, na utamu unaificha. Mtu anajaza glasi kubwa mara tatu akidhani anakunywa juisi.

Geuza namba: chachu moja, tamu mbili, kali mbili, hafifu tano. Unarudi karibu asilimia 12.6. Kwa watu kumi: ndimu ml 150, shira ml 300, ramu ml 300, na maji, chai baridi au juisi ya nanasi ml 750. Kila mmoja apate ml 150, kwa kikombe kidogo. Chakula kitangulie. Maji ya kunywa yawe meza ileile, na chupa ya ramu isikae karibu na bakuli, kwani daima kuna msamaria wa kuja kuongeza.

Donn Beach, mwenye baa wa Marekani, alipotunga kokteli ya Zombie mwaka 1934, akichanganya ramu kadhaa pamoja na moja kali sana, aliweka sharti la mbili tu kwa mteja. Sharti hilo linafaa hata sebuleni. Anayeendesha gari, mjamzito, na anayetumia dawa za usingizi au za maumivu makali wasipewe kabisa.

"Niliwasha moto juu ya glasi, ukanishinda"

Acha. Katika joto la chumba la Kingston au Mombasa, mvuke wa ramu hii unashika moto bila kupashwa kwanza, na mchana moto wake hauonekani. Kabla ya kujiuliza kwa nini ulikushinda, zima: funika glasi na kifuniko cha chuma au sahani, usipulize, usimwagie maji, usiinue glasi.

Sababu huwa ramu iliyochuruzika nje ya glasi, au glasi nyembamba iliyopasuka kwa joto. Mbaya kuliko zote ni kumimina kutoka kwenye chupa juu ya moto uliokwisha kuwaka: moto hupanda mchirizi hadi ndani ya chupa na kutoka kama mkuki kwa aliyesimama mbele. Hakuna kokteli inayohitaji hilo. Anayetaka mwali apime kijiko kimoja cha chai kwenye ganda la nusu ndimu, chupa ifungwe na ipelekwe meza nyingine, nywele zifungwe, kisha awashe kwa kiberiti kirefu na afunike baada ya sekunde chache. Jikoni, zima jiko la gesi kabla ya kufungua chupa.

Aliyeungua: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala asali. Akiungua usoni, mikononi, au malengelenge yakizidi kiganja chake, hospitali.

Unapotakiwa kuweka kipimo chini na kupiga simu

Mtu aliyekunywa akawa haamki ukimtingisha, anapumua chini ya mara nane kwa dakika au anakaa sekunde kumi bila kupumua, ngozi imepoa na midomo imebadilika rangi, au anatapika akiwa hajitambui: huyo hajalala. Mlaze ubavu, kidevu kikielekea mbele ili matapishi yatoke, usimwache peke yake, usimpe kahawa wala maji, usimweke kwenye bafu la baridi. Piga namba ya dharura: 110 Jamaika, 112 Tanzania, 999 Kenya.

Macho kuona ukungu au weupe kama theluji, kichwa kuuma sana, tumbo, na kuhema kwa nguvu, saa kadhaa hadi siku moja au zaidi baada ya kunywa, ni dalili za methanoli, hata kama mtu alionekana amepona ulevi asubuhi. Usisubiri, na usijaribu kumtibu kwa kumpa pombe nyingine. Hospitali ina dawa na vipimo vyake. Wazuie wengine wote waliokunywa kutoka chupa hiyo, waende nao hata kama hawasikii kitu, na ubebe chupa yenyewe pamoja na kilichobaki ndani.